Kusoma Kuta Zilizovunjwa: Niliyojifunza kwa Kupiga Picha Magofu ya Abasia na Ngome za Yorkshire

Magofu ya abasia na ngome yaliyotawanyika katika mabonde na malisho ya Yorkshire Kaskazini, nchini Uingereza, yana historia ambayo picha nyingi huificha. Mtazamaji huona ukuta uliosimama peke yake, nyasi za kijani na anga yenye mawingu, kisha hujiambia kwamba umri na mvua ndivyo vilivyolifikisha jengo hapo. Ukweli ni kwamba mengi ya majengo hayo yalivunjwa na watu, tena kwa amri iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Nimekuwa nikiyatembelea na kuyapiga picha tangu kazi iliponileta kaskazini mwa Uingereza, na somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa kutambua mahali ambapo mkono wa binadamu ulipita, kisha kupiga picha kwa namna ambayo atakayeitazama ataliona jambo hilo bila kuelezwa.

Nilikulia Masasi, na misheni ya Ndanda, ambayo Wabenediktini kutoka Ujerumani waliianzisha mwaka 1906, ilikuwa sehemu ya maisha yetu. Tulipeleka wagonjwa hospitalini kwao, tuliwaona mabruda wakishughulika karakanani na bustanini, na tulisikia kengele ikigawa siku yao kati ya sala na kazi. Kwa hiyo neno abasia halikunijia kutoka vitabuni. Nilijua kwamba abasia ina kanisa, ina mahali pa kulia chakula kwa ukimya huku mmoja akisoma kwa sauti, ina ghala, ina mabweni, na ina ua wa ndani uliozungukwa na ukumbi ambamo watawa hupita wakienda kusali. Nilipofika abasia ya Rievaulx kwa mara ya kwanza niliweza kuonyesha kwa kidole palipokuwa na kila kitu kabla sijasoma kibao hata kimoja, kwa sababu watawa wa shirika la Wasistersiani waliojenga pale walifuata Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Ndanda na Peramiho mpaka leo. Tangu siku hiyo sijaweza kuyaona magofu haya kama mapambo ya mandhari. Kwangu ni nyumba ambazo wenyewe walitolewa.

Njia ninayoipenda ya kwenda Rievaulx ni ya miguu. Inaanzia katika mji mdogo wa Helmsley, karibu na ngome yake, na kufuata sehemu ya mwanzo ya njia ya Cleveland Way kwa umbali wa kilomita tano hivi, ikipita kwenye malisho ya kondoo na misitu kabla ya kushuka katika bonde la mto Rye. Walter Espec, bwana wa Helmsley, ndiye aliyewapa wamonaki ardhi hiyo mwaka 1132, kwa hiyo anayetembea njia hiyo anatoka kwenye makao ya mtoaji kwenda kwenye makao ya waliopewa. Wamonaki wa kwanza walitoka Clairvaux, Ufaransa. Chini ya Abate Aelred, aliyeongoza kuanzia mwaka 1147 hadi alipofariki mwaka 1167, nyumba ile ilikua kiasi kwamba mwandishi wa maisha yake, Walter Daniel, mmonaki wa hapohapo, aliandika kuwa abate aliacha nyuma yake wamonaki 140 na mabruda na wafanyakazi 500. Hesabu hiyo ni vizuri kuwa nayo kichwani unaposimama katikati ya uwanja mtupu ukijiuliza kwa nini kila kitu ni kikubwa namna ile.

Makanisa ya zama hizo yalijengwa kwa kawaida altare ikiwa upande wa mashariki. Bonde la Rye ni jembamba mno, na wajenzi walilazimika kuligeuza kanisa likafuata bonde, altare ikawa karibu kusini. Jambo hili hubadilisha kazi yote ya mpigapicha. Katika abasia nyingine, asubuhi jua huingia kupitia madirisha ya altare na jioni huangaza uso wa lango kuu. Rievaulx, ifikapo saa sita mchana, jua linakuwa nyuma ya madirisha sita marefu yaliyo mwisho wa kanisa, matatu chini na matatu juu, na anayepiga picha akitokea upande wa lango anapata kuta nyeusi tii na anga iliyopauka. Mimi hungoja asubuhi, jua likishavuka kilima cha mashariki, kwa sababu hapo mwanga huingia kutoka ubavuni kupitia matao na kupita juu ya mawe kwa mlalo. Mwanga wa namna hiyo huibua kila alama ya patasi. Unaona jiwe lililochongwa kwa uangalifu karibu na altare, ambako ujenzi ulifanywa upya katika karne ya 13 kwa matao yenye ncha na nguzo zilizofanywa kuwa kama mafungu ya fimbo, na unaona jinsi lilivyotofautiana na mawe mazito, yasiyo na urembo, ya sehemu ya zamani ya kanisa, ambayo sasa imebaki misingi na vipande vifupi vya nguzo.

Abasia ilikabidhiwa kwa watu wa mfalme tarehe 3 Desemba 1538. Mfalme Henry VIII alikuwa ameanza kufunga nyumba za watawa, kwanza zile ndogo, kwa sheria ya mwaka 1536, iliyozihusu zile zenye kipato kisichofika pauni 200 kwa mwaka, kisha zikafuata kubwa, na kufikia mwaka 1540 hakuna hata moja iliyosalia katika Uingereza na Wales. Wavunjaji hawakuhitaji kubomoa kila ukuta. Waliondoa madini ya risasi yaliyoezekea paa, kwa sababu yalikuwa na bei nzuri, na jengo la mawe lisilo na paa katika nchi ya mvua na barafu hujimaliza lenyewe. Maji huingia juu ya ukuta, huganda, hupanuka na kusukuma mawe yaachane. Kwa hiyo ukiona ukuta mrefu uliochakaa juu lakini mzima chini, unatazama matokeo ya paa lililong'olewa.

Huko Rievaulx ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa namna ya kushangaza. Wachimbaji wa karne ya 20 waliofukua kifusi cha upande wa lango kuu la kanisa walikuta vitalu vizito vya risasi iliyoyeyushwa, vyenye mhuri wa mfalme, vilivyofunikwa na mawe kabla ya kuchukuliwa. Risasi hiyo ilipelekwa York na kutumika kuunganisha upya vioo vya dirisha la Five Sisters katika kanisa kuu la mji huo, dirisha lililozinduliwa tena mwaka 1925 kuwakumbuka wanawake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kila ninapopita York huingia kulitazama. Limejaa vioo vya kijivu na kijani vyenye umri wa karne nyingi, na mistari myeusi inayovishika ni paa la Rievaulx.

Uwanja laini uliojaa nyasi fupi, ambao wageni hudhani ndio hali ya asili ya mahali kama pale, nao una historia yake. Serikali ilichukua ulezi wa Rievaulx mwaka 1917, na baada ya vita mafundi waliondoa kifusi, wakang'oa mitambaazi iliyofunika kuta, wakaingiza mihimili ya zege ndani ya kuta mahali isipoonekana, kisha wakapanda nyasi. Chini ya uongozi wa Charles Peers, mkaguzi mkuu wa majengo ya kale, huo ukawa mtindo wa magofu yote ya serikali. Nausifu kwa sababu uliokoa kuta nyingi, lakini mpigapicha ajue kwamba nyasi hizo ni usafi wa karne iliyopita na zinaweza kumfanya asahau kwamba hapa palikuwa na matope, moshi, harufu ya ngozi na sufu, na kelele za waashi.

Basi mtu atasomaje ukuta? Mimi huanza na mashimo. Mashimo ya mraba yaliyopangwa kwa mistari, yenye upana wa kiganja kimoja hivi, kwa kawaida ni mahali palipoingizwa miti ya majukwaa ya waashi wakati wa ujenzi. Mashimo makubwa zaidi yaliyo usawa mmoja kwenye kuta mbili zinazotazamana ni ya boriti za sakafu. Ukiona meko ya kuotea moto ikining'inia ukutani, mita nne au tano juu ya kichwa chako, ujue palikuwa na chumba hapo na watu walikaa mbele ya moto huo. Mstari wa mawe yaliyochomoza kwa mshazari unaonyesha paa la jengo lililoegemea ukuta ule. Alama ndogo iliyochanjwa kwenye jiwe, pengine mshale au nyota, ni ya mwashi. Nikishayatambua haya ndipo huchagua mahali pa kusimama, kwa kuwa picha inayokata mstari wa boriti katikati imeondoa sakafu nzima kwenye maelezo ya jengo.

Kwa sababu hiyohiyo siipendi lenzi pana ndani ya magofu, ingawa wengi huitumia ili kila kitu kiingie. Ukiinua kamera juu ili upate kilele cha mnara, kuta huinamiana kana kwamba zinaanguka, na mtazamaji hawezi tena kujua ni ukuta upi umepinda kweli na upi umepindishwa na lenzi. Ni bora kurudi nyuma mpaka kwenye malisho ya jirani, kamera ikae sawasawa kwenye stendi ya miguu mitatu, na jengo lipigwe kwa lenzi ndefu. Na ninamwomba mtu asimame chini ya ukuta. Bila mtu, mnara wa abasia ya Fountains uliojengwa na Abate Marmaduke Huby, aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwaka 1495 hadi 1526, unaonekana kama mnara wowote. Akiwepo mtu mlangoni, kimo chake cha takribani mita 50 kinaeleweka mara moja. Huby aliujenga miongo michache tu kabla ya abasia kufungwa mwaka 1539. Hilo nalo linaonekana kwenye jiwe, kwa kuwa kingo zake bado ni kali wakati kazi ya karne ya 12 iliyo kando yake imelika.

Fountains, karibu na Ripon, ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Ilianza mwaka 1132 na watawa 13 waliotoka abasia ya Mtakatifu Maria ya York wakitafuta maisha magumu zaidi, nao walitajirika kwa sufu ya kondoo mpaka wafanyabiashara wa Italia wakawa wateja wao. Jengo la upande wa magharibi lina ukumbi wa chini wenye urefu wa karibu mita 90, dari lake likiwa la matao yanayochipuka moja kwa moja kutoka kwenye nguzo fupi, safu moja katikati. Leo ni ukumbi mmoja mtupu, na kila mgeni huupiga picha akiwa mwisho wake ili mistari ya matao ikimbilie mbali. Picha hiyo ni nzuri, nami ninayo, lakini inadanganya, kwa sababu zamani ukumbi ule uligawanywa kwa kuta kuwa ghala na mahali pa kulia pa mabruda, na bweni lao lilikuwa ghorofani. Ukiangalia nguzo kwa karibu utaona mahali ambapo kuta hizo za kugawa zilishikana na mawe. Nilizipiga picha alama hizo alasiri moja mwanga ulipokuwa ukiingia kupitia milango ya magharibi, nikawatumia ndugu zangu Masasi, na mjomba wangu, aliyewahi kufanya kazi ya useremala misheni, aliuliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza: mabruda walikuwa wangapi, na nani aliwalisha walipofukuzwa? Wamonaki wengi walipewa posho ya uzeeni. Watumishi na vibarua waliotegemea nyumba zile hawakupata uhakika wa namna hiyo.

Ngome husomwa kwa namna nyingine, na Helmsley ni mwalimu mzuri. Mwaka 1644, wakati wa vita kati ya mfalme na bunge, Sir Thomas Fairfax, kamanda wa upande wa bunge, aliizingira kwa miezi mitatu mpaka waliokuwa ndani wakaishiwa chakula na kusalimu amri. Bunge halikutaka itumike tena kivita, kwa hiyo ikaharibiwa makusudi. Mnara wa mashariki ulipasuliwa, nusu ikaanguka na nusu ikabaki imesimama, na mji mzima unaiona mpaka leo. Hapa ukuta haukuliwa polepole kutoka juu kama wa abasia iliyoezuliwa, bali umekatika wima kuanzia kileleni hadi chini, ndani ya unene wa mawe pakiwa wazi. Huwa ninasimama upande ambao mpasuko unaonekana kwa ubavu, siku ya mawingu mepesi, kwa sababu jua kali hujaza mpasuko kivuli na kuficha tofauti kati ya mawe yaliyochongwa ya nje na kifusi kilichochanganywa na chokaa kilichojazwa ndani. Ngome ziliishi kwa unene huo, na picha ya mpasuko inaeleza ujenzi wake kuliko picha ya lango lililo zima.

Mount Grace, iliyoanzishwa mwaka 1398 karibu na kijiji cha Osmotherley, hunifanya niende polepole. Ilikuwa ya Wakartusi, watawa walioishi kila mmoja katika nyumba yake ndogo ya ghorofa moja juu, yenye bustani yake, maji ya bomba na choo. Kando ya mlango wa kila nyumba kuna tundu ukutani, dogo kiasi cha kupitisha sahani, nalo limepinda ndani ya ukuta kwa pembe ya mraba. Mtumishi aliweka chakula upande wa nje, mtawa akakichukua upande wa ndani, na hakuna aliyeuona uso wa mwenzake. Tundu hilo ni gumu kupiga picha, maana kamera nayo haioni upande wa pili. Nilipiga picha mbili, moja kutoka nje na moja kutoka ndani, na ninazionyesha pamoja. Katika magofu yote niliyoyaona, hicho ndicho kitu kinachoeleza kwa ufupi zaidi watu walioishi humo walitafuta nini.

Abasia ya Byland napenda kwenda mvua ikishakatika. Uso wa magharibi wa kanisa lake umebakiwa na nusu ya chini ya dirisha la mviringo lililokuwa na kipenyo cha karibu mita nane, na wengi huishia hapo. Mimi huinama chini. Sakafuni kumebaki vigae vya karne ya 13, vya njano na kijani iliyokolea, vilivyopangwa kwa duara na miraba. Vikiwa vikavu vina vumbi na vinafanana na udongo, lakini vikilowa rangi hurudi, na unaona pia mahali vilipolika zaidi kwa sababu ya miguu. Nafunika lenzi kwa mkono kuzuia mng'ao wa anga na kupiga picha moja kwa moja kutoka juu.

Abasia ya Jervaulx ni mali ya watu binafsi, na mgeni huweka ada yake ndani ya sanduku pasipo msimamizi. Mimea imeachwa ichanue kwenye kuta, kinyume na magofu ya serikali, na mwezi Juni ni bustani kamili. Wapigapicha hupapenda sana kwa uzuri huo. Nami napapenda, ila sipigi picha ua bila kumkumbuka abate wa mwisho, Adam Sedbergh, aliyeuawa mwaka 1537 baada ya maasi ya watu wa kaskazini waliopinga kufungwa kwa nyumba za watawa. Alipokuwa mfungwa katika ngome ya London alichonga jina lake ukutani pamoja na jina la abasia yake, na maandishi hayo bado yanasomeka. Nimeyapiga picha, na katika mkusanyiko wangu yanakaa mara tu baada ya maua ya Jervaulx.

Kuhusu majira, mtu aliyezoea jua la kwetu hujifunza upya. Katikati ya Desemba jua huku huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na hata saa sita mchana huinuka nyuzi 12 tu hivi. Baridi ni kali na baadhi ya sehemu hufunguliwa mwisho wa juma pekee, lakini mwanga wa mlalo unaoonyesha alama za patasi upo mchana kutwa. Mwezi Juni mwanga huo hupatikana wakati malango yamefungwa, alfajiri sana au karibu na saa tatu usiku, na kilichobaki ni kupiga picha kutoka kwenye njia za umma zinazopita nje ya uzio. Malango ya malisho yafungwe kama yalivyokutwa. Kupanda juu ya kuta ni kuharibu, kwa sababu chokaa ya karne nane hutoka kwa kukanyagwa mara moja. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali, na kutumia kifaa cha kutafutia vyuma ardhini ndani ya eneo linalolindwa bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1979.

Ninaitunza kila picha na maelezo yake: jina la mahali, upande wa dira niliotazama, saa, na sehemu ya ukuta, kwa mfano "ukuta wa ndani wa bweni, safu ya pili ya boriti kutoka kusini". Nilianza kufanya hivyo baada ya kusoma habari za abasia ya Whitby, ambako kuanguka kulianza kwa kukosa paa na kuendelea muda mrefu: sehemu ya kanisa iliporomoka katika miaka ya 1760, mnara wa kati ukafuata mwaka 1830, na tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Ujerumani ziliushambulia mji kwa mizinga na kuharibu uso wa magharibi wa abasia. Waliouchora mnara kabla ya 1830 na waliopiga picha uso wa magharibi kabla ya 1914 ndio wanaotuwezesha kujua kilichokuwepo. Kwa hiyo Whitby huwa narudia kusimama mahali palepale na lenzi ileile, mwanzo na mwisho wa msimu wa baridi, nikilinganisha jiwe kwa jiwe upande unaopigwa na upepo wa bahari.